Sindano Tupu

Kutoka Kisangani hadi Bunia nilisafiri siku kumi na moja, nimelala juu ya mbao katika lori, na siku hizo zote sikula kitu zaidi ya ndizi zilizopondwa kwa maji. Kinywa changu kilikuwa kimejaa vidonda. Kila lori lilipozama katika tope, abiria wengine walishuka kusukuma, na mimi nilibaki juu kama gunia. Bafwasende tulikaa siku mbili. Epulu mvua ilitunyeshea tangu asubuhi hadi jioni, na nilifungua mdomo ili maji ya baridi yaingie, maana hayo tu ndiyo hayakuniuma. Komanda tulisubiri askari wa kutusindikiza. Dereva alinitazama akasema, "Papa, weye usikufe mu gari yangu. Ukifika Bunia, kufa vile unapenda." Watu walicheka, na mimi nilicheka pia, kisha nikafuta damu mdomoni.

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye ameambiwa kila wiki jina jingine la ugonjwa wake. Majina ya watu wa nyumba yetu nimeyabadilisha, na sababu utaiona.

Mimi ni mtu wa Mahagi kwa kuzaliwa, lakini miguu yangu haikukubali kukaa. Nilimaliza masomo ya sekondari, nikachimba dhahabu Mongbwalu, nikauza vitenge Kisangani, nikasaidia makanika Aru. Nikiwa Kisangani nililia milima ya Mahagi. Nikirudi Mahagi, baada ya mwezi nilianza kuota mto. Vidonda vya kinywani vilinifuata kote huko tangu utoto. Vilikuja, vikakaa wiki mbili, vikaondoka. Baba yetu alikuwa navyo pia. Hakuwahi kula pilipili maisha yake yote, na sisi tulidhani ni tabia yake tu, kama vile mwingine hapendi samaki. Ila mwaka ule, nikiwa nimepita miaka arobaini, vilikuja vikakataa kuondoka, na homa ikaja navyo. Ndipo nikaamua kwenda kwa kaka yangu mkubwa Bunia, ninayemwita yaya Berocan, maana kwetu yaya ni kaka mkubwa.

Yaya alikuwa na nyumba Mudzipela, karibu na soko, pamoja na mke wake na binti yao mmoja, Neema, ambaye wakati ule alikuwa na miaka kumi na miwili. Mke wa yaya tulimwita Mama Neema. Watu wa kwao wanafuga ng'ombe upande wa njia ya Kasenyi, na sisi tunatoka kwa wakulima na wavuvi. Lakini walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na mitano na hakuna aliyekumbuka tena kwamba pande hizo mbili haziaminiani. Ndivyo nilivyofikiri.

Aliponiona naingia uani nimeshika ukuta, Mama Neema hakuuliza habari. Alileta kikombe cha maziwa ya mgando.

"Karibu, shemeji. Kunywa kidogo kidogo, nguvu itarudia."

Nilikunywa mara moja tu. Ile chachu ilipogusa vidonda niliona nyota. Nilipiga kelele, kikombe kikaanguka, maziwa yakamwagika mbele ya watu waliokuja kuniamkia. Miongoni mwao alikuwa Mama Siska, jirani wa mlango wa pili, mwenye kukaanga mandazi. Yeye alitazama maziwa yaliyomwagika, akamtazama Mama Neema. Jambo lile lilipita. Mimi mwenyewe nililisahau kwa majuma kadhaa.

Kiangazi kilianza. Vumbi jekundu la Bunia liliingia katika kila kitu, na jicho langu la kushoto likawa jekundu kama vumbi hilo. Mwanga wa jua uliniingia kama msumari. Goti la kulia lilivimba. Kisha vidonda vikatokea mahali ambapo mtu hamwonyeshi mwenzake. Nilipelekwa kituo cha kwanza cha afya: wakasema typhoïde, homa ya matumbo. Cha pili: malaria. Cha tatu muuguzi aliniuliza kwa sauti kubwa, mbele ya benchi nzima ya wamama wenye watoto, nimelala na wanawake wangapi njiani. Walipima damu yangu kwa ugonjwa ule ambao kila mtu anauogopa, wakapima tena mara ya pili kwa sababu hawakuamini jibu la kwanza. Haukuwapo. Walipima kaswende, haikuwapo. Nilipewa sérum, yale maji ya kutundikwa mshipani, na sindano, nikapewa vidonge vya rangi zote. Benchi za vituo vile nazijua kama vile padri anavyojua misale: ile yenye msumari upande wa kushoto, ile inayoyumba, ile unayopaswa kuinuka polepole mwenzako asije akaanguka.

Aliyenisaidia siku zile ni Neema. Aliona siwezi kuweka kikombe mdomoni, akaenda akakata bua la jani la mpapai, lile lenye tundu ndani, akaliosha, akalitumbukiza katika uji.

"Papa mudogo, ingiza mupaka nyuma ya ulimi. Vile haiguse vidonda."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Miye nafanya vile wakati yangu inakuja."

Nilisikia maneno yale. Sikuyaelewa. Nilifurahi tu kwamba uji ulipita.

Mwezi wa kwanza ulipoisha, yaya alichoka na vituo. Alisema, "Hii haiko ugonjwa ya hospitali." Akanipeleka mtaa wa Ngezi kwa mganga aliyeitwa Papa Zakaria. Usifikiri ngozi ya chui na vibuyu. Alikuwa mtu wa rika langu, amevaa shati jeupe lenye kalamu mfukoni, na simu yake ililia mara tatu tulipokuwa tumekaa. Alinitazama kinywa, akatazama jicho, akauliza swali moja. Baadaye nilijua kwamba wote wa kazi yake huuliza swali hilo hilo.

"Siku ulifika Bunia, kitu ya kwanza uliweka mu kinywa, ni nani alikupatia?"

Nilikuwa na homa. Nilikuwa nimetoka katika majibu kumi yasiyofanana. Hapa kulikuwa na swali lenye jibu moja, na jibu nililijua. Nilisema, "Mke wa yaya."

Sikusema amenitilia kitu. Nilisema tu, mke wa yaya. Lakini nilimwona kaka yangu akigeuza uso kwangu polepole, na ningeweza kusema, "Lakini vidonda nilikuwa navyo tangu njiani, yaya, tangu utoto." Sikusema. Mpaka leo sijui kwa nini. Nadhani nilitaka tu kuwe na mtu, yeyote yule, ili ugonjwa uwe na uso.

Papa Zakaria alichukua wembe mpya katika karatasi yake, akanichanja kifuani, mgongoni na juu ya mikono, chale ndogo mbili mbili, akasugua unga mweusi. "Kama iko sumu," alisema, "siku ya tatu itatoka. Kama haiko, chale itakauka tu. Mutaona wenyewe."

Siku ya tatu kila chale ilikuwa kipele chekundu chenye kichwa cha usaha. Kila moja. Yaya alinivua shati uani, mchana, majirani wanaona. Mama Siska aliweka mkono mdomoni akasema, "Yesu! Angalia vile inatoka!"

Mama Neema alikuwa anapepeta mchele. Alisimama.

"Berocan, inatoka nini?"

"Kile uliweka mu maziwa."

Nilidhani atalia. Alicheka, kicheko kifupi cha mtu asiyeamini masikio yake. "Miye? Kwa huyu? Ningetaka kuua mutu mu hii nyumba, ningeanzia kwako, weye mwenye kunikoromea miaka kumi na tano." Hakuna aliyecheka naye. Ndipo alinitazama mimi. "Shemeji, sema. Weye ulifika muzima?"

Kinywa changu kilikuwa kinauma. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nilitazama chini.

Kesho yake asubuhi ndugu yake alikuja kumchukua kwa pikipiki. Neema alibaki kwa sababu yaya alisema mtoto ni wa baba. Alimshika mama yake nguo hadi pikipiki ikawaka.

Tangu siku ile jambo langu lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulibeba: mwanamke amepoteza nyumba yake na jina lake kwa sababu ya ngozi yangu. Nami sikuwa na hakika hata ya hilo. Siku nyingine niliamini kweli aliniwekea kitu. Siku nyingine nilikumbuka lori, na damu mdomoni pale Komanda, nikajiona mwongo. Mawazo haya mawili yalipokezana kama homa na baridi.

Papa Zakaria alituambia sumu ni nyingi, bado inatoka. Tulirudi kwake kila wiki mbili. Alichanja, na kila mara usaha ulikuja, na kila mara usaha ulikuwa ushahidi. Mgongo wangu ulikuwa kama barabara iliyopitiwa na malori. Mvua za kwanza zilipoanza sikuweza tena kusimama. Nilikuwa nimepungua hata Neema aliweza peke yake kunisaidia kukaa. Siku niliyoharisha damu, yaya aliogopa, akanipandisha kwenye pikipiki kati yake na dereva, akanipeleka hospitali moja ya wamisioni.

Pale nililala majuma sita. Muuguzi wa wodi yetu, wote tulimwita Infirmier, alikuwa mtu mfupi mwenye maneno mengi. Kila alipoweka mpira wa sérum, baada ya siku mbili pale alipochoma palivimba na kutoa usaha. Alibadilisha mkono. Palivimba. Alianza kuona aibu.

"Papa Faustin, weye ngozi yako iko na kisirani. Nanawa mikono, nafungua sindano mupya mbele yako, na bado unanipatisha haya kwa docteur. Atasema Infirmier iko muchafu."

"Ni sumu inatoka," nilisema.

"Sumu gani? Hapo niliweka maji na chumvi."

Alisema vile huku akifunga bandeji, kisha mikono yake ikasimama. Aliniomba nigeuke. Alitazama zile chale mgongoni, moja baada ya nyingine, akaguna. Halafu akaenda kumwita daktari, mwanamke kijana ambaye alikuwa haongei sana. Daktari alitazama, akaniuliza kama kinywa kilianza nikiwa mtoto, kama baba alikuwa navyo, kama vidonda viko hata mahali pengine. Nilijibu yote, kwa mara ya kwanza yote kwa mtu mmoja. Alisema, "Nilisoma juu ya kitu kama hiki. Sijawahi kukiona. Tutajaribu jambo dogo sana."

Jambo lenyewe lilikuwa hili: angechukua sindano safi, haina dawa, haina kitu, achome ngozi ya mkono wangu, halafu tungoje siku mbili. Nikauliza, "Na kama ikivimba?" Akasema, "Basi ni ngozi yenyewe inayofanya. Ukiichokoza, inapigana, hata kama hakuna adui."

Nilimwomba asianze. Nilimwomba angoje hadi yaya awepo.

Yaya alikuja mchana na Neema, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo yaliyosagwa laini. Alimsikiliza daktari hadi mwisho, mikono kifuani. "Sindano tupu?"

"Tupu. Fungua mwenyewe paketi."

Aliifungua mwenyewe. Akaichunguza kwenye dirisha. Kisha akasema, "Na miye munichome. Tulitoka tumbo moja. Kama ni ngozi ya kwetu, na yangu itavimba." Daktari alisita, akasema haitakuwa lazima, huenda isionekane kwake, lakini yaya alikuwa amekwisha kukunja shati. Wakatuchoma wote wawili, kila mtu kwa sindano yake mpya, wakachora duara kwa kalamu.

Siku mbili zile sikula. Nilitazama duara langu kama mtu anayengojea kuku atotoe. Siku ya kwanza jioni palikuwa pekundu. Siku ya pili kulikuwa na kichwa cheupe cha usaha, kidogo kama punje ya ulezi. Nililia kwa furaha, mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza nimefiwa na nani.

Yaya alikuja. Akakunja shati lake. Ndani ya duara lake hakukuwa na kitu. Ngozi safi, kama vile hakuna aliyemgusa.

"Unaona sasa?" alisema polepole. "Sindano ya paketi moja. Yangu safi, yako usaha. Baba mumoja, mama mumoja. Sasa weye mwenyewe sema, ndani yako iko kitu ao haiko?"

Daktari alianza kueleza kwamba katika familia moja huyu aweza kuonyesha na mwingine asionyeshe, lakini nilimwona kaka yangu hasikii, na kusema kweli hata mimi sikusikia. Nilijisemea: basi ni kweli, aliniwekea. Nilihisi aibu kwa sababu wazo lile lilinipumzisha.

Neema alikuwa amekaa mwisho wa kitanda. "Na miye munichome," alisema.

"Mutoto, nyamaza."

"Papa, na miye niko na vidonda mu kinywa. Kila masika. Na pale walinichomaga sindano ya shule ilitoa usaha, mama aliipangusa na maji moto. Munichome."

"Weye uko mutoto, haiko mambo yako."

"Iko mambo ya mama yangu."

Daktari alimwambia yaya kwamba bila ruhusa yake hatamgusa. Yaya alimtazama binti yake, kisha mkono wangu. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati. Mwishowe aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeuza kitu asichotaka kuuza. Neema alinyoosha mkono akatazama sindano ikiingia, macho wazi kabisa.

Siku mbili baadaye alikuja mbele ya baba yake, anakimbia katika korido, na mlinzi anamfokea. Aliinua mkono. Katikati ya duara kulikuwa na kipele chekundu chenye kichwa cheupe. Sikujua kama nifurahi. Kipele kile kilikuwa ugonjwa wangu juu ya mkono wa mtoto, na yeye alikuwa anacheka.

Yaya aliingia akihema. Akaushika ule mkono, akaugeuza kwenye mwanga.

"Papa," Neema alisema, "na miye mama alinipatia sumu? Lini? Alinipatia wakati nanyonya?"

Kaka yangu alikaa chini sakafuni. Wagonjwa wote walikuwa wanatazama. Alisema neno moja kwa lugha ya kwetu, neno ambalo mtu hulisema akiangusha mzigo wa mwenzake mtoni.

Nilipoweza kutembea, mimi na yaya tulikwenda kumtafuta Mama Neema. Barabara ya Kasenyi ilikuwa na matope, na goti langu lililia katika kila shimo. Kaka yake mkubwa alitupokea nje, hakutukaribisha ndani. Aliweka viti viwili, na juu ya meza akaweka vikombe viwili vya maziwa.

"Kunyweni," alisema, "kama hamuogope. Siye wa sumu tuko na roho nzuri leo."

Vidonda vyangu vilikuwa havijapona. Nilikunywa kikombe chote bila kukitua, machozi yananitoka, na sikutoa sauti. Kisha nilisimama mbele ya watu wake, wazee na vijana na mwanamke mmoja aliyekuwa anacheka chini chini, nikasema yale niliyopaswa kusema uani kwa yaya: nilifika mgonjwa, nilikuwa mgonjwa tangu utoto, aliniuliza na nilinyamaza. Mama Neema alisikiliza amegeukia upande wa zizi.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Sirudi juu yako. Wala juu ya huyu," akamwonyesha yaya kwa kidevu. "Narudi juu ya mutoto mwenye vidonda. Nani anamupikia?"

Basi akarudi, na mwaka ukageuka. Daktari alianza kunipa vidonge vyeupe vya prednisone. Kwa siku nne homa ilikatika kama mtu aliyezima redio. Kwa mwezi mmoja uso wangu ukawa duara, shingo ikanenepa, nikawa na njaa ya kula sufuria nzima na hasira ya kuivunja. Watu sokoni walisema nimepona, nimenenepa. Halafu akaniongezea kidonge kingine kidogo cha kila siku, ambacho kwanza kiliniharisha kisha kikatulia, na Neema naye akapewa hicho, nusu yake. Wakati wa kuvuna maharagi nilikula pilipili kwa mara ya kwanza, kipande kama ukucha. Ikiwa uko mwanzoni mwa njia hii, nikwambie: usiache vidonge vyeupe ghafla siku unapojisikia vizuri. Niliacha, na wiki iliyofuata sitaieleza.

Daktari alikuwa ametuma damu yangu, ya yaya na ya Neema Kampala, na kutoka pale mbali zaidi. Jibu lilirudi kiangazi cha pili. Alituita mimi na yaya, akajaribu.

"Ndani ya mwili kuna askari," alisema. "Wakitakiwa kupigana, wanabandikwa alama. Vita ikiisha, kuna mfanyakazi ambaye kazi yake ni kubandua zile alama, ili warudi kambini. Ni kimeng'enya, kitu kidogo sana. Kwenu amri ya kumtengeneza mfanyakazi huyo ilivunjika upande mmoja, upande wa baba. Mnaye nusu. Kwa hiyo vita inaanza kwa jambo dogo, mkwaruzo, sindano, na hakuna wa kutosha kusema basi."

"Na miye?" yaya aliuliza.

"Na wewe. Kwako amekaa kimya. Kwa nini, sijui."

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la nje. Yaya alisema, "Mubanduaji." Baada ya muda akasema tena, "Nusu ya mubanduaji." Tukaangaliana. Mimi sikuelewa na yeye hakuelewa, na mpaka leo nikilala naona karatasi ndogo zimebandikwa juu ya kofia za askari na sijui ni nani aliyezibandika.

Nilidhani hapo mambo yamekwisha. Lakini Mama Neema alikuwa anapika, na hakuna jirani aliyekula kwake. Mama Siska alikuwa haingii tena katika ua ule. Mtoto wa nyumba ya nyuma alipoharisha, mama yake alikuja kusimama mlangoni, akatazama sufuria zetu, akaondoka. Asubuhi moja Mama Neema aliniambia, bila hasira, akichagua mchele:

"Shemeji, sikufukuze. Lakini wakikuona weye, wanaona ile maziwa. Kila mutu akiumwa na tumbo mu hii mutaa, wataangalia miye kwanza."

Nilikwenda kwa majirani, mlango kwa mlango. Niliwaeleza juu ya sindano tupu, juu ya alama na mfanyakazi. Walinipa kiti, walisikiliza kwa adabu. Kwa Mama Siska nilieleza mara mbili. Alikuwa anageuza mandazi katika mafuta.

"Sawa. Haiko Mama Neema," alisema. "Sasa ni nani?"

"Hakuna mtu. Ni mwili."

"Papa Faustin, weye ulisoma. Mutu anaweza kuwa na usaha mugongo muzima, na iwe hakuna mwenye kumufanyia? Kama haiko yeye, ni nani?"

Nilitaka kusema, ni damu ya kwetu, ni baba. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Kisha niliwaza Neema, amekaa darasani, na Mama Siska mwenye kulisha nusu ya watoto wa darasa lile mandazi. Damu ya kwetu ilikuwa ndani ya Neema.

"Ni miye," nilisema.

Chuma chake cha kugeuzia kilisimama hewani.

"Nilikuja na laana. Niliitoa mbali, mu pori, njia ya Kisangani. Mambo niliyoyafanya huko ni yangu. Ile mwanamuke alinipokea mu nyumba yake na hakujua kitu. Nikienda, itakwenda na miye."

Alinitazama muda mrefu, na niliona uso wake ukitulia, ule utulivu nilioupata mimi mwenyewe kwa Papa Zakaria siku ile ya swali. Alisogeza sahani ya mandazi mbali na mimi.

Habari ilifika sokoni kabla yangu. Siku ya pili hakuna aliyenipa mkono. Yaya alinifokea kwamba watu wanaweza kunipiga mawe, kwamba nimewadanganya, kwamba hospitali iliandika kweli kwenye karatasi. Nikamwambia karatasi ile amfungie Neema vizuri, ataihitaji akiwa mkubwa. Mama Neema alinifungia vidonge vyangu vya miezi mitatu katika kopo lenye kifuniko, mvua isiingie, akaandika juu yake kwa mkono wake: asubuhi moja, jioni moja.

Sijui kama nilifanya vizuri. Nimewaachia watu uwongo mahali palipotakiwa kweli, na kuna mgonjwa mwingine Mudzipela ambaye labda leo anachanjwa mgongo kwa sababu yangu. Kwa ajili yake ndiyo naandika. Ukichanjwa na pakavimba, omba wakuchome sindano tupu, na ungoje siku mbili.

Niliondoka asubuhi, watu wakiwa wengi barabarani, ili wanione. Neema alinisindikiza hadi mahali pikipiki ziliposimama. Dereva wa kwanza alikataa kunibeba. Wa pili hakuwa mtu wa mtaa ule. Nilipopanda nyuma yake niligeuka mara moja. Mama Siska alikuwa ametoka kwake, beseni tupu kiunoni, anapiga hodi kwa Mama Neema. Alingoja kidogo, kisha akainama chini ya kamba ya nguo na kuingia.